Nimepata Malazi Nafuu Kwenye Theluji, Kumbe Mwenyeji ni Mdogo Wangu

Admin, naomba unifichie jina, maana ndugu zangu wengi wanasoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka 41, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura. Naishi Schaerbeek, hapa Brussels, na mume wangu na watoto wetu wawili. Kazi yangu ni kutunza wazee kule Woluwe.

Binti yetu ana miaka kumi na mitatu. Kila mwaka likizo ya Carnaval, ile ya shule ya wakati wa baridi, ikiisha, mwalimu anawauliza wanafunzi walikuwa wapi, na nusu ya darasa walikuwa milimani wakiteleza kwenye theluji. Yeye hujibu kwamba alikaa nyumbani. Mwaka huu hakulia wala kulalamika, aliniambia tu, "Maman, hata mara moja." Mimi na baba yake tukakubaliana kwamba tutakwenda. Nguo na viatu tungeazima kwa majirani. Kilichobaki ni mahali pa kulala.

Wa kwanza niliyempigia simu alikuwa mdogo wangu. Ni mtoto wa mama yangu mdogo, ila tumelelewa pamoja, tukila sahani moja. Alipofika Ubelgiji hana hata karatasi za ukaazi, alilala sebuleni kwangu miaka mitatu. Baadaye akaoa, akahamia Ufaransa, kwenye mji mdogo wa milimani, anaendesha basi la kuwapandisha watalii kwenye theluji. Nilijua chini ya nyumba yake kuna vyumba viwili vyenye mlango wake peke yake, ingawa sijawahi kufika.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, tupokee wiki moja tu. Chakula tutakuja nacho."

Akasema, "Dada, ningefurahi kweli, lakini wiki hiyo wakwe zangu wanakuja. Nyumba itajaa."

Bon, nikaamini. Wakwe ni wakwe.

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Wiki tano nilitafuta malazi kwenye simu, kwenye tramu, kwenye mapumziko ya kazini. Ukiona bei nzuri, ukiandika kwamba mko wanne, inapanda papo hapo. Nyumba nyingine ukiifungua vizuri unakuta choo kiko nje kwenye korido, au theluji iko mwendo wa saa nzima kwa gari, na sisi hatuna gari. Mwenye nyumba mmoja alitaka tuje na mashuka yetu, tusafishe wenyewe, halafu bado tulipie usafi. Hosteli ya vijana waliniambia watu huweka nafasi tangu Septemba. Mume wangu akaanza kusema tumwambie mtoto ukweli, haiwezekani. Tukagombana kwa hilo zaidi ya mara moja.

Siku moja kazini, mwenzangu Mreno akaniona nimeinamia simu, akachukua yake akanisaidia kutafuta. Akapata vyumba viwili na jiko, basi la watalii linapita mlangoni, bei ambayo tungeiweza. Picha zilionyesha vitanda na dirisha lenye mlima; tangazo lilitaja eneo tu, bila mji wala jina la mwenyeji. Akaunti yangu ilikuwa inanisumbua na mambo ya kuthibitisha kitambulisho, donc akaweka nafasi kwa jina lake, nami nikamrudishia pesa. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia.

Baada ya kulipa ndipo anwani kamili ikatokea. Niliisoma mara tatu. Ni anwani ninayoiandika mwenyewe kwenye kifurushi cha nguo za watoto wa mdogo wangu kila Idi.

Nilipofika nyumbani nikampigia. Nikamuuliza, "Wakwe wanafika lini?"

Akajibu bila kusita, "Jumamosi, dada. Tunasafisha vile vyumba vya chini."

Ni Jumamosi yetu sisi. Na kesho yake mwenzangu akanionyesha ujumbe aliotumiwa na mwenyeji: karibuni sana, hapa wewe na familia yako mtajisikia kwenu. Hiyo ndiyo iliyoniliza. Karibu hiyo alikuwa nayo, ila si kwa ajili yangu.

Mume wangu alipojua alicheka kwanza, kisha akakasirika. Anasema, "Hatughairi. Tumelipa kama watu wengine. Tutabonyeza kengele, yeye ndiye atakayetafuta pa kuficha uso." Mimi nina haki ya kughairi na kurudishiwa pesa mpaka Alhamisi hii, lakini nikighairi hakuna pengine pa kwenda. Mtoto ameshajaribu suruali ya kuazima mbele ya kioo, na anampenda mjomba wake kuliko wajomba wote.

Na kwa kuwa jina langu limefichwa, niseme na langu. Siku ya harusi yake, mbele ya wakwe haohao, nilichukua kipaza sauti nikaeleza jinsi alivyofika kwangu na mfuko mmoja wa plastiki na kulala sebuleni. Nilidhani nasifu safari yake. Watu walicheka, yeye akaangalia chini. Mke wake hajanichangamkia tangu siku hiyo. Sasa najiuliza kama wananikwepa kwa sababu ya pesa za msimu au kwa sababu hawataki nije nisimulie tena. Lakini angeniambia tu, "Dada, msimu huu tunakodisha, ndiyo riziki yetu," ningeelewa, na ningelipa. Kunidanganya mara mbili ndiko kunakoniuma.

Nikimwambia mama mdogo kule Bujumbura, ukoo mzima utawaka. Nikinyamaza, Jumamosi nitasimama mlangoni kwa mdogo wangu na masanduku, mimi mgeni aliyelipa.

Ndugu zangu, nimebaki na siku mbili. Nimpigie nimwambie ni sisi tunaokuja, nighairi nimvunje moyo binti yangu, au nimfuate mume wangu tukabonyeze kengele? Aliyewahi kufichwa na ndugu yake wa damu anisaidie mawazo, mimi yangu yameishia hapa.