Mjomba Alivyomkaririsha Bibi Maswali ya Daktari

Kitu cha kwanza nilichoona ni vidole.

Bibi alikuwa amekaa kitandani, wodi ya wanawake, anachagua mchele juu ya shuka.

Mchele wenyewe haukuwepo.

Anaokota kajiwe, anakatupa. Anapuliza pumba. Anaokota kengine.

Daktari alishatueleza: ana maambukizi ya mkojo, na kwa umri wake ndiyo yamemvuruga akili. Kila asubuhi alimpima kwa maswali. Hapa ni wapi? Leo siku gani? Taja siku za wiki kwa kurudi nyuma. Akikosea, alama za kuchanganyikiwa zinapanda. Zikishuka, anaruhusiwa.

"Na akiruhusiwa kabla hajapona?" niliuliza kwa sauti ya mbu.

"Tunaweza kumpoteza."

Mjomba yeye alisikia neno moja tu: maswali. Akamng'ang'ania mama yake kutwa nzima.

"Mama, hapa wapi?"

"Hospitali."

"Kesho wakikuuliza siku?"

"Alhamisi. We mtoto, lakini umekula?"

Asubuhi bibi alijibu kama cherehani. Siku za wiki kinyumenyume, wala hakukwama! Mjomba kifua mbele. Daktari akatabasamu, akaanza habari za kuruhusiwa.

Mimi macho kwenye vidole. Vinaokota.

Jamani, mimi ni mtu wa aibu. Shule niliishia darasa la tano, na mbele ya wasomi ulimi wangu hulala. Siku hiyo sijui uliamshwa na nani.

"Daktari, muulize anafanya nini."

Mjomba akanikata jicho.

"Bibi, unafanya nini?" daktari akamuuliza.

"Huoni? Mchele una mawe huu." Akamsogezea daktari pembe ya shuka. "Kamata huku, acha kusimama kama mgeni."

Wodi nzima kicheko.

"Umetufelisha," mjomba alininong'oneza.

Daktari akaongeza swali. "Na huyu binti ni nani?"

Hilo mjomba hakulikaririsha.

Bibi akanivuta, akanishika shavu. "Mwanangu huyu. Amerudi."

Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya. Mjomba akainamisha kichwa.

Bibi akabakizwa, dawa zikabadilishwa. Wiki iliyofuata aliniita "mjukuu wangu", akauliza mbona nimekonda, akatoka wodini kwa miguu yake.

Ndugu zangu, mgonjwa hapewi majibu. Anapewa dawa.

Ila kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Makosa yote ya bibi nilitaka yaishe upesi. Lile la mwisho nilitamani lichelewe kidogo, maana hakuna aliyewahi kuniita "mwanangu", na mimi kwa aibu sikuitika.

Abee, mama.