Kati ya Mchujo na Fainali

Tarehe kumi na moja mwezi wa tano, siku ya Alhamisi, nilimpoteza kaka yangu. Alikuwa fundi wa magari ya polisi, na siku za mapumziko alifanya vibarua kwenye gereji moja mtaa wa Kisenyi. Jeki iliteleza akiwa chini ya gari. Tulimzika kesho yake baada ya sala ya Ijumaa. Jumamosi ya wiki iliyofuata nilikimbia.

Wengine waliniuliza kwa nini sikukaa nyumbani. Chumba chetu katika kambi ya polisi kilikuwa kwa jina lake. Mimi na mama tuliishi humo kwa ajili yake, na fundi akifa, chumba kinarudi serikalini. Afande anayesimamia nyumba alikuja matangani, akala pamoja nasi, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba tuna mpaka mwisho wa mwezi. Hakuwa mtu mbaya. Mimi nilikuwa askari wa muda, na askari wa muda hapewi chumba, isipokuwa akiingia timu ya riadha. Mita mia nne wanawake, timu ilikuwa inachukua wawili. Mchujo asubuhi, fainali alasiri, siku hiyo hiyo, kule Kyambogo.

Mtu asiyekimbia hudhani kazi ni mbio. Kwetu kazi ni yale masaa ya katikati. Ukimaliza mbio ya asubuhi miguu inajaa kitu kizito kama saruji mbichi, na usipokula na kunywa upesi, saruji ile inakauka. Jambo hilo kaka yangu alilichukua likawa lake. Alfajiri alipika uji wa wimbi, akautia ukwaju, sukari nyingi na chumvi kidogo, akaumimina kwenye chupa na kuifunga kwa ovaroli yake. Kiwanjani alisimama ukutani akiutazama uji badala ya mbio.

"Mimi sikuja kuona mbio," aliwaambia waliomcheka. "Nimekuja kulinda chupa."

Nikishavuka mstari alinipa mkononi. "Kunywa haraka, kabla mwili haujafunga duka." Hakupatia kila mara. Mwaka mmoja ukwaju ulizidi, nikatapika karibu na mstari wa kuanzia mbele ya wakubwa wote.

Kulinda chupa kulikuwa na sababu. Sisi wakimbiaji tuna sheria kwamba chupa iliyotoka machoni pako, au machoni pa mtu wako, unaimwaga. Si kwamba watu ni wabaya. Unga wa kurudisha nguvu unauzwa kila mahali siku hizi, makopo makubwa yenye picha za vifua, na mengine yana kitu ambacho hakikuandikwa juu yake. Kikikutwa kwenye mkojo wako unafungiwa miaka. Msichana mmoja wa timu yetu alifungiwa hivyo. Mpaka anafunga mizigo yake alikuwa anasema hajui alikunywa nini, na mimi nilimwamini.

Jumamosi ile niliamka nikapika uji mwenyewe. Ulipochemka harufu yake ikawa ni yeye yuko jikoni. Sikuweza kuumeza. Nilimwachia mama, nikatia maji, sukari na chumvi kwenye chupa, nikapanda boda.

Kiwanjani walitufungia ndani ya uzio wa seng'enge, kwenye hema moja. Ukishaingia hutoki ila kwenda kukimbia, mpaka fainali yako iishe. Bomba lilikuwa nje. Zamu yangu ilipoitwa niliiweka chupa juu ya benchi, nikaifunika kwa sweta, kwa sababu sikuwa na mtu. Nilikimbia, nikashika nafasi ya pili kwenye mchujo wangu, nikapita.

Niliporudi sweta lilikuwa limekunjwa vizuri, na maji yangu yalikuwa yamegeuka rangi ya waridi.

Aliyekaa kando ya chupa alikuwa jirani yangu, Mkenya aliyeolewa na konstebo wa kambini kwetu. Mumewe na kaka yangu waliitana ndugu, basi yeye akaniita wifi. Alikuwa ameshinda mchujo wake mapema. Naye alitaka nafasi moja kati ya zile mbili, maana timu ilichukua na wake wa askari. Mumewe alikuwa ameambiwa atahamishiwa kaskazini, na kama mke angeingia timu, wangebaki.

"Wifi, leo umekimbia kama mtu anayefukuzwa na mwenye nyumba."

"Si ndivyo ilivyo?"

Akacheka, halafu akaona ni kweli, akaacha. "Nimekutilia unga wangu, vijiko viwili. Kaka yangu alinitumia kutoka Eldoret. Maji matupu yatakufikisha wapi? Kunywa, mwili una njaa sasa hivi."

"Wewe umeunywa?"

"Tangu asubuhi. Niangalie, nimekufa?" Kisha akashusha sauti. "Sikuweza kuja matangani, wifi. Mtoto alikuwa amelazwa. Mikono yangu haijakupa kitu tangu msiba. Hiki ndicho cha kwanza."

Hapo ndipo niliposhikwa.

Kambini tunatoka kila upande. Huyu wa Arua, yule wa Lira, huyu wa Busia, hakuna anayejua ukoo wa mwenzake. Kwa hiyo tuna desturi moja kwa wote. Mtu akikuletea kikombe cha kwanza ukiwa na msiba, unakionja mbele ya macho yake. Usipoonja umemwambia kwamba unamfahamu aliyemuua mtu wako, na ni yeye. Mke wa sajini mmoja alisukuma chai ya jirani siku ya maziko ya mumewe, labda kwa uchungu tu, na mpaka leo milango ile miwili haisalimiani.

Sheria moja ilisema mwaga. Nyingine ilisema onja. Na aliyenishikia chupa alikuwa rafiki yangu, tena alikuwa anataka kitu kile kile ninachokitaka. Nilimtazama usoni. Sikuona ubaya wowote, na kutouona hakukunisaidia.

Kocha alipita nje ya seng'enge. "Nyinyi wawili mmekaa kama maharusi! Kunyweni, nyosheni miguu, laleni. Sitaki hadithi hapo."

"Umesikia afande," jirani yangu alisema.

Nikachukua chupa, nikameza funda moja. Ilikuwa tamu sana, na mwisho wake kulikuwa na ladha ya chuma.

"Maliza."

"Tumbo limekataa."

Nadhani alielewa. Akaichukua chupa, akanywa mpaka nusu, akaiweka chini katikati yetu. "Haya. Iko hapo ukitaka."

Sikuitaka tena. Nilitandika leso, nikalala chali. Jua lilipanda, turubai likawa kama kifuniko cha sufuria. Koo lilikauka. Nilijikanda miguu mwenyewe na kuhisi saruji inaganda, kwanza nyuma ya magoti, halafu mapajani. Nilikuwa nimekunywa kiasi cha kufungiwa, si kiasi cha kunisaidia. Kama kulikuwa na kitu kibaya, kilishaingia. Kama hakikuwemo, nilikuwa naiua miguu yangu kwa kiu bure, na chakula chake kiko umbali wa mkono. Kila nilipofumbua macho, chupa ilikuwa pale. Yeye alilala akaniacha na mawazo, akikoroma kidogo. Nilifikiria mama na vyombo vyetu, na ndugu yetu yupi kule Kasubi angetupokea. Sikumpata.

Fainali ilianza jua likiwa limeinama. Mita mia mbili za kwanza sikumbuki. Kwenye kona ya mwisho miguu iliisha, nikawa nakimbia kwa mikono. Msichana mmoja alikuwa mbali mbele. Jirani yangu alikuwa begani mwangu, nilimsikia anavyopumua, na alikuwa na nguvu kuliko mimi. Lakini alianza kukaza mapema mno, akaganda hatua chache kabla ya mstari. Nikawa wa pili. Yeye wa tatu, kwa kifua tu.

Alikuja akanishika mkono. "Hongera, wifi. Mama atalala." Akaketi kwenye nyasi kuvua viatu, na alichukua muda mrefu sana kuvifungua.

Kabla sijafika kwenye sweta langu mwanamke mwenye kizibao aliniambia nimechaguliwa kupimwa. Tangu hapo hakuniacha, alitembea nami kama kivuli mpaka kwenye chumba chenye viti vitatu na maji ya chupa zilizofungwa. Mkojo haukutoka. Mwilini hapakuwa na maji. Mlango ulifungwa, tukasubiri.

Mpimaji alikuwa mzee mpole. "Binti, wiki hii umetumia nini? Dawa, sindano, unga, chochote."

Ningeweza kusema Panadol.

"Funda moja la unga wa kurudisha nguvu," nikasema. "Leo, baada ya mchujo. Jina lake silijui."

"Nani alikupa?"

Nikamtaja.

Mlango ulipofunguliwa nilimwona. Alikuwa amesimama kwenye veranda na mkoba wangu begani, ananisubiri turudi pamoja. Mpimaji alimuuliza kuhusu unga. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua mkoba wake mwenyewe, akatoa kopo.

"Someni yote," alisema. Akanitazama kupitia mlangoni. "Nilikupa kikombe cha msiba, mimi."

Akauweka mkoba wangu sakafuni, akaondoka. Nilikunywa maji mpaka giza likaingia ndipo mkojo ukatoka.

Baada ya majuma kadhaa kocha alinijulisha kwamba mkojo wangu ulikuwa safi. Kopo nalo halikukutwa na kitu kibaya. Afande wa nyumba alikuwa amevuta subira, akabadilisha jina la chumba, mama akafungua mizigo tuliyokuwa tumeanza kuifunga.

Jirani yangu na mumewe waliondoka kwenda kaskazini mwisho wa mwezi wa saba. Nilimsikia akiburuta godoro peke yake, nikatoka, nikashika upande wa pili. Hakunikataza. Tulilibeba hadi kwenye lori, yeye mbele mimi nyuma. Penye ngazi akaniambia nipandishe upande wangu. Nikapandisha.