Muzehe wa Kiti cha Mbele

Mimi ni fundi wa magari, na fundi akianza kusimulia mambo ya wafu watu husema amevuta petroli nyingi. Semeni. Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, hapa Kagarama, Kigali, asubuhi jua limeshatoka, na sikuwa nimekunywa chochote zaidi ya chai ya maziwa. Tena sikuona peke yangu, kama mtakavyosikia.

Ilikuwa Jumamosi ya umuganda. Kwa asiyejua, Jumamosi ya mwisho wa mwezi Rwanda nzima hutoka na majembe kuzibua mitaro na kufyeka kando ya barabara. Mpaka kazi iishe, maduka yamefungwa, pikipiki hakuna, teksi hakuna, na gari likipita lazima lijieleze. Mimi ni mtu wa Mwanza, lakini jembe ninalo, maana hapa ndipo ninapoishi. Nilikuwa nateremka nalo bondeni, mama mmoja akaniita kutoka getini kwake.

Huyo ni Mama Diane, mjane na mwalimu mstaafu. Alikulia Ngara, kwa hiyo Kiswahili chake kinanyoosha hata changu. Mimi nilikuwa mgeni mtaani. Mumewe sikuwahi kumkuta, nilisikia tu kwamba alizikwa kabla sijahamia. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba binti yake, Diane, ameshikwa na uchungu. Mimba ya kwanza, mtoto amekaa vibaya, na daktari alishaonya kwamba asije akathubutu kuzalia nyumbani. Mkwe yuko safarini. Ambulensi imepigiwa simu, iko njiani, lakini inatoka mbali. Gari la marehemu lipo uani, ila ukiliwasha linazima.

Nikapiga stata. Likawaka vizuri, tena kwa sauti tamu, halafu kabla hujavuta pumzi ya pili, kimya. Nikarudia. Likawaka, likazima. Hapo fundi anafanya nini? Anatafuta moto, anatafuta mafuta, anatafuta hewa. Plagi zilikuwa safi. Nikainamia kiti cha nyuma, nikasikia pampu ya mafuta inanguruma kama kawaida. Filta ya hewa nikaitoa nikaipuliza, na pale hewa inapoingilia kwenye injini nikapapangusa kwa shati langu mwenyewe. Likawaka, likazima. Ndani ya nyumba nikamsikia Diane analia huku ameuma meno.

Ndipo nikaona kitaa chekundu chenye picha ya ufunguo kinakonyeza kwenye dashibodi. Nikauchomoa ufunguo nikautazama. Mpya, mwepesi, umechongwa juzi sokoni Kicukiro. Nikaelewa, na roho ikaniuma. Magari haya yana kinga ya wizi. Kwenye kichwa cha ufunguo halisi mna kidude kidogo, chipu, ambacho gari linakitambua. Ukija na ufunguo usio na chipu, injini inakuonjesha tu, kisha inajikatia mafuta kwa sababu haikujui. Nikamuuliza ule wa zamani uko wapi. Akatazama pembeni, akasema haupo. Nikamwambia pole, mama, bila ule, au bila mtu wa kompyuta ambaye leo yuko mtaroni kama wenzake, gari hili haliendi popote. Chipu lazima iwe karibu na usukani, hakuna ujanja mwingine.

Hakubishana nami. Aliingia ndani, akamtoa Diane taratibu, akaingia naye kiti cha nyuma, akakipakata kichwa chake kana kwamba sikusema kitu.

"Jaribu tena, mwanangu," akaniambia.

Ningemkatalia vipi? Nikakaa kwenye usukani. Hapo mlango wa upande wa pili ukafunguka, akaingia mzee mmoja, akaketi kando yangu. Mwembamba, mvi zimekatwa vizuri, amevaa koti la kahawia lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni, na jua lote lile. Hakusalimia. Wanyarwanda wanajua kusalimia, kwa hiyo nilikereka kidogo, lakini nikadhani ni mjomba fulani ametokea nyuma ya nyumba na hofu imemfunga mdomo. Nikapiga stata. Likawaka. Nikasubiri lizime, halikuzima. Nikatafuta kile kitaa chekundu, hakipo.

Niaminini, nilijisifu. Nikajiambia kumbe shati langu limefanya kazi.

Tukapanda barabara. Pembeni watu walikuwa wanafyeka, wengine wanapunga mkono. Nyuma Mama Diane alikuwa anambembeleza bintiye, "Komera, mwana wanjye, komera," na Diane anajitahidi kukaza moyo kama alivyoambiwa. Mzee hakugeuka hata mara moja. Alitazama mbele tu, mkono mmoja ameuweka kifuani, juu ya koti.

Pale njia panda kijana wa usalama, mwenye koti la kung'aa, akatusimamisha akachungulia.

"Mgonjwa iko ndani?"

Nikamwambia ndiyo, anajifungua.

"Sawa, pita. Lakini muzehe hapo mbele afunge mukanda."

Mzee akauvuta mkanda polepole, kama mtu aliyezoea kugombezwa kwa jambo hilo hilo, akaufunga. Nyuma yangu nikamsikia Mama Diane anavuta pumzi kwa nguvu. Nikadhani ni uchovu.

Tulipofika hospitali wauguzi wakaja mbio na kitanda, wakamchukua Diane, na mama yake akaondoka nao. Nikageuka nimwambie mzee karibu, tumefika. Kiti kilikuwa kitupu. Mlango umefungwa, sikusikia ukifunguliwa. Na mkanda, jamani, mkanda ulikuwa bado umefungwa, umelala juu ya kiti kisicho na mtu. Injini ikazima. Kitaa chekundu kikaanza kukonyeza.

Nilikimbia? Nilikimbia, ndiyo. Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka Mama Diane alipotoka. Akaketi karibu nami, akasema Diane amepasuliwa, ni msichana, wote wawili wazima. Nikamshukuru Mungu. Nikaanza kuuliza habari za yule mzee, lakini sikujua niulizeje.

Akaniwahi. Akanieleza kwamba koti lile mumewe alikuwa akilivaa kila anapoendesha, na siku ya mazishi yeye mwenyewe ndiye aliyemvalisha na kumfunga vifungo, kwa mikono yake. Ufunguo ulikuwa mfuko wa ndani wa koti hilo. Alikuja kuukumbuka saruji ya kaburi imeshakauka, na kuniambia vile mimi fundi mgeni aliona haya.

"Kwa hiyo ulimwona," nikasema.

"Tangu anaingia. Kisogo cha mume wangu nisikijue?"

"Mbona hukumwita, mama?"

Akageuka kuutazama mlango alikolazwa Diane.

"Ningemwita angegeuka. Angegeuka, angeshuka. Na mtoto wetu alikuwa hajafika."

Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia naye, mtu mzima na grisi zangu. Kisha akacheka katikati ya machozi. Alisema marehemu hakuwahi kufunga mkanda mpaka yeye mkewe amgombeze, na leo, siku ambayo yeye asingeweza kufungua mdomo, kijana wa barabarani kamgombeza kwa niaba yake.

Ufunguo mpya wenye chipu tuliutengeneza baadaye, na gari linakwenda bila tatizo. Yule mtoto sasa anatembea, na ukimwachia mlango wazi anapanda kiti cha mbele, anatulia. Mama Diane akipita hukipapasa kile kiti. Mimi nikiletewa gari la marehemu yeyote gerejini, hufungua kwanza mlango wa abiria, nikangoja kidogo, ndipo nikawasha. Wenzangu wananicheka, na nimewazoea.

Nawe unayenisikiliza, nikuonye. Siku gari likikusumbua, kisha mtu asiyesalimia akaketi kando yako na injini ikatulia, endesha. Usimuulize jina. Na kama ni mtu wako, uliyemlilia ukadhani hutamwona tena, hapo ndipo ujikaze zaidi. Usimwite mpaka mfike.