Ukuta wa Mafundi Wawili

Mume wangu ni fundi lipu, na ukitaka kumchefua mtajie jipsamu, yale mabamba yanayobandikwa ukutani na darini badala ya lipu. Zamani simu yake ilikuwa haipoi. Siku hizi wakandarasi wanatafuta watu wa jipsamu, wa umeme, wa vigae. Wapiga lipu wanakaa vibarazani kupiga soga. Wanasema ndiyo dunia. Basi dunia hiyo mimi siipendi.

Hajawahi kupiga lipu peke yake. "Kidole kimoja hakivunji chawa," humwambia kila tajiri. Kidole cha pili ni mdogo wake, shemeji yangu, tunayemwita Shoto kwa sababu anatumia mkono wa kushoto. Mume wangu anaanza kona ya kulia, Shoto kona ya kushoto, wanakutana katikati lipu ikiwa bado mbichi, na alama haionekani. Walikuwa wanataniana ukuta mzima; nikiwapelekea chakula nasikia vicheko tangu barabarani.

Kisha Shoto akaajiriwa kwenye dari za jipsamu. Simlaumu, ana watoto. Ila pengo lake lilimuuma sana mume wangu, wala hakuficha. Tukiwa mezani husema tu, "Sijui leo Shoto yuko kwenye dari ya nani."

Juzi akapata kazi, sebule ya mama mmoja asiyetaka jipsamu. Akampigia mdogo wake, nami nikisikia.

"Kaka, nikikosa siku moja wanaweka mtu mwingine. Nisamehe."

"Hamna neno. Lakini ukipata upenyo, njoo."

Mchana nikampelekea chakula. Nikamkuta amesimama katikati ya ukuta, mwiko mkononi. Nusu ya kulia imekwisha, nusu ya kushoto matofali matupu, na ukingo wa lipu umeanza kukauka.

"Baba, mbona umesimama? Si itaacha alama?"

"Mimi nimefika," akasema. "Yeye ndiye bado."

Nikatoa simu. Nilikuwa na maneno yangu kwa shemeji, na si machache. Akanishika mkono.

"Usimpigie. Akija leo, kesho hana kazi."

Angeweza kuendelea pale pale alipofikia. Hakuendelea. Alikwenda mpaka kona ya kushoto, akauhamishia mwiko mkono wa kushoto, akatupa lipu ukutani. Ikamwagikia miguuni. Akachota nyingine.