Kobe, Kenge na Eda Yangu

Mume wangu alifariki siku ya Ijumaa, mwezi nne Mfungo Sita kwa hesabu ya Kiislamu, baada ya sala ya alasiri. Ninaitaja siku hiyo kwa ukamilifu kwa sababu ndugu zake huitaja kila mmoja kwa namna yake, na hakuna aliyeipata. Aliniachia nyumba ya bati hapa Kibiti, ua uliozungushiwa makuti, chumba kimoja cha nje, na kobe jike ambaye alimkuta katika shamba la mikorosho kule Ruaruke na kumtafutia kibali cha kumfuga. Katika siku za mwisho aliniomba jambo moja tu: nimtunze kobe wake. Sikuombwa kuwatunza ndugu zake.

Nilisoma ukubwani. Kidato cha nne nilikimaliza nikiwa na wajukuu, katika darasa la jioni ambamo wenzangu waliniita bibi mpaka matokeo yalipotoka. Baada ya hapo wakaniita dada. Naeleza haya ili ifahamike kwamba nilipoingia eda niliingia kwa hiari na kwa elimu. Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki bila dharura, na mwanamume asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa, huzungumza naye kwa nyuma ya pazia. Ndugu wa mume si maharimu. Shemeji yangu alilijua hilo vizuri sana, kwani pazia alilitundika yeye mwenyewe, kwa nyundo yangu.

Alikuwa amekuja kutoka Mbuchi kwa ajili ya mazishi. Matanga yakaisha, wageni wakaondoka, yeye akabaki kwa dada yake, yaani wifi yangu, nyumba ya pili kutoka kwangu. Kila asubuhi alikuja kukaa uani kwangu na simu yake. Mimi nilibaki ndani mpaka aondoke. Akaanza kukisifu chumba cha nje: kina hewa, kina mlango wake, kinapoteza maisha yake bure.

Ijumaa moja, Mfungo Saba ukiwa umeandama juzi yake, sauti yake ilipita pazia ikiwa na furaha isiyolingana na nyumba ya msiba.

"Shemeji, nimeona fursa!"

"Fursa gani?"

"Watalii wanapita hapa barabarani kila siku kwenda hifadhini. Tukiwa na bustani ya wanyama wanaotambaa, watasimama. Wazungu wanafuga hawa wote katika chombo kimoja cha kioo, nimeona kwenye simu. Kobe tunaye tayari. Wengine nawaleta."

"Kobe amezoea kulala peke yake."

"Hao jamii moja, shemeji. Hata nyinyi wasomi mmefundishwa hivyo."

Kweli tumefundishwa hivyo. Hatukufundishwa kwamba wanakula sinia moja.

Siku chache baadaye alirudi kutoka mikokoni kwao Mbuchi, akashusha kwenye bodaboda kenge wa maji ndani ya tenga la samaki, na guruguru wawili, mijusi wanene wa mashimoni, ndani ya ndoo. Alikuwa amekwisha kumjengea kobe banda jipya, akachimba kidimbwi katikati na kukitandika turubai, kwa sababu kenge hapendi ukavu. Kama kobe anapenda unyevu, hakuulizwa. Kobe alikuwa na kibali cha serikali. Kenge na mwenyeji wake hawakuwa nacho. Mwishowe shemeji akatangaza kwamba mradi wa aina ile hauwezi kukosa mwangalizi wa kulala hapohapo, na chumba cha nje ndicho kilichokuwa karibu; jioni hiyo akahamia.

Nilitazama kupitia nondo za dirisha. Guruguru walijichimbia katika kona aliyozoea kulala kobe. Kenge alipanda juu ya gamba lake na kuota jua, mkia ukining'inia, kama mgeni aliyepewa kiti cha mwenye nyumba. Kobe alivuta kichwa ndani na hakukitoa tena.

"Angalia wanavyopendana!" shemeji alipaza sauti, akipiga picha.

Wote aliwalisha dagaa. Nilipomwambia kwamba kobe hula nyasi na matembele, alijibu kwamba atazoea. Hakuzoea. Juma la pili macho yake yalivimba, puani pakatoka mapovu, na alipovuta pumzi nilimsikia akikoroma mpaka ndani. Wakati huo nilitaka kitu kimoja tu duniani: kobe yule aione siku yangu ya kutoka eda akiwa hai. Kila nilipotaka kwenda kumtoa, shemeji alikuwa uani, nami nilikuwa nyuma ya pazia lake.

Jumapili nilimwita wifi aketi nami ndani, shemeji akiwa upande wa pili.

"Wifi, kobe anakufa," nilisema. "Hawezi kukaa na wale."

"Wifi nawe! Kobe ana ngozi gani ya kuumwa?"

"Nimeshasema," shemeji akadakia, "hao jamii moja. Nyumba moja inawatosha."

"Mimi na wewe pia ni jamii moja, shemeji," nikamjibu. "Mbona unazungumza nami kupitia pazia?"

Wifi akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu. "Amekukamata, kaka! Loo, amekukamata!"

Nikaendelea kwa utulivu. Kama eda inanifungia mimi ndani, inamfungia yeye nje. Ua ni sehemu ya nyumba yangu. Shemeji alitaka aulizwe shehe. Wifi akampigia shehe simu papo hapo, akaifungulia sauti, na shehe akasema ua wa mwenye eda hauingiwi hivyo na shemeji, na kwamba alidhani jambo hilo linajulikana.

Shemeji akatoka. Ndipo ilipobainika kwamba kenge amebaki na mwenye kenge haruhusiwi kuingia kumchukua. Tukabaki mimi na wifi, khanga zikiwa zimefungwa viunoni, tenga mkononi, na shemeji nje ya makuti akitoa amri.

"Mshike shingoni!"

"Njoo umshike wewe!" wifi alifoka, baada ya kuchapwa mkia mguuni.

"Siruhusiwi!"

"Basi nyamaza!"

Mwishowe wifi alifungua mlango wa ua, na kenge akatoka mbio kupita kati ya miguu ya shemeji, ambaye alisahau ghafla kwamba ndiye mtaalamu. Guruguru walifuata. Sijasikia kama watalii waliwaona.

Nilimwogesha kobe kwa maji ya uvuguvugu, nikamfuta macho, nikamwingiza katika chumba cha nje, juu ya mchanga mkavu. Kwa siku kadhaa hakugusa chochote. Alhamisi, mwezi saba Mfungo Nane, wifi aliniita kwa kelele: jani la tembele lilikuwa limening'inia mdomoni mwake, na taya zinakwenda.

Tulisimama tukimtazama akila. Kisha wifi akakohoa kidogo.

"Sasa wifi, chumba kina kobe. Kaka yangu akija, atalala wapi?"

"Banda lipo," nilimwambia. "Na maji yamo."