Kiwiko cha Shangazi

Miaka kumi na minne niliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisani kwetu Mbozi, na miaka yote hiyo sikuwahi kuamua mwenyewe nivute pumzi lini. Aliyeamua ni shangazi yangu, dada wa baba, aliyesimama kulia kwangu. Noti ikiwa ndefu, kiwiko chake kilinigusa ubavuni. Mimi nikanyamaza na kuvuta hewa, yeye akaendelea. Nikirudi, naye anapumua. Waliotusikiliza waliapa kwamba wanawake wa sauti ya pili hawapumui kabisa.

Sasa mtu wa namna hiyo anaaga kwaya na kutangaza kwamba ataimba peke yake, tena soul na jazi, kwenye ukumbi wa hoteli Tunduma, Jumamosi saa tisa alasiri, na mabango yamebandikwa hadi ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Kiherehere changu ndicho kilichoniponza.

Kwenye mazoezi nikagundua ugonjwa wangu. Wimbo wa kwanza, nilioutunga mwenyewe, unaanza kwa sauti tupu bila ala, mistari minne mirefu. Mwisho wa mstari wa pili pumzi ikaniishia, na sikuvuta nyingine. Nilikuwa nangoja kiwiko. Nikalazimisha hadi ukumbi ukazunguka, nikashikilia stendi ya maiki nisianguke.

Mpiga gitaa wangu, Mzambia mwenye subira kuliko mimi, akaweka gitaa chini, akaniita mama kwa Kibemba. "Bamayo, pumua. Hapa hakuna polisi wa pumzi."

"Nikipumua, wimbo unapata shimo."

"Basi upate."

Rahisi kwake, gitaa halina mapafu. Nilimkasirikia, lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa ule ukimya mfupi ambao watu wangenisikia nikihema, wajue kwamba huyu dada yuko peke yake na hajui afanyalo. Wanasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi nilikuwa nimeyavulia, na nilitamani kuvaa tena nirudi zangu Mbozi kuchuma kahawa.

Jumamosi ikafika. Nikachungulia nyuma ya pazia nikamwona shangazi safu ya mbele, amekaa wima kama yuko ibadani. Tangu niage kwaya hatukuwa tumezungumza zaidi ya salamu.

Nikatoka, nikaanza. Mstari wa kwanza, wa pili, kifua kikaanza kuwaka na taa zikaanza kucheza. Nikamtazama shangazi, maana sikuwa na pengine pa kutazama. Nikaona kiwiko chake kikiinuka na kumgonga ubavuni mwanamume asiyemjua aliyekaa kando yake. Yule bwana akashtuka. Mimi nikavuta pumzi.

Shimo likawa pale, wazi, ukumbi mzima ukilisikia pamoja na feni na honi za malori huko nje. Hakuna aliyenijazia. Nikaendelea hadi mwisho, watu wakapiga makofi.

Baadaye nilimfuata shangazi alipokuwa amekaa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Pindo la khanga yake lilikuwa limelowa, lina alama za meno. Akaona ninavyolitazama. "Nililiuma," akasema. "Nisingeliuma ningekuimbia."

Nikacheka, kisha kicheko kikageuka kilio hapo hapo mbele za watu.

"Shangazi, niliogopa, hujui tu. Nikipumua, hakuna wa kunishikia."

Akaukunja upande ule uliolowa, taratibu, akauficha ndani.

"Najua, mwanangu," akasema. "Tangu uondoke, kila Jumapili nikipumua, na mimi hakuna wa kunishikia."

Katika woga wangu wote, hilo sikuwa nimeliwaza hata mara moja.