Maiki ya Kamati ya Harusi

Nicheke tu, maana kulia hakunisaidii. Juzi, nikiwa nyumbani Kabiria, kamati ya harusi ya dadangu ilikutana kwenye kompyuta, nikaambiwa nifungue kwa maombi.

"Mnanisikia?" nikauliza.

Kimya. Wote walikuwa wameshafumba macho na kuinamisha vichwa. Nikajua maiki ya hedifoni zangu imekufa tena. Nikaichomoa, nikaipuliza, nikaichomeka, kisha nikaijaribu kwa sauti ya mchungaji:

"Baba, tuepushe na pilau ya Anti Wambui. Ile ya siku ya mahari bado inatutesa matumbo."

Bado kimya. Nikainama chini ya meza kukagua waya. Ghafla masikioni mwangu ikanguruma: "Amina."

Nikainuka kutazama skrini. Ilikuwa kamati nzima, isipokuwa Anti Wambui, aliyekuwa amenikodolea macho.